Dumu la Oili Chini ya Meza ya Baba

Kijana wa duka la vipuri pale Lindi mjini alinitia hasira wiki iliyopita, na masikini hata hakujua kosa lake. Nilikwenda kununua oili ya kigari changu, kikuukuu kilichokwisha kula barabara za kutosha. Akanishushia galoni linalong'aa, lenye picha ya gari la mashindano, akaniambia, "Mama, chukua hii. Ya kisasa, inafaa magari yote." Nikamwambia hakuna oili inayofaa magari yote, kama vile hakuna kiatu kinachofaa miguu yote. Akacheka, akafungua kifuniko ili ninuse uzuri wake. Harufu ile nyepesi, inayokaribia utamu, iliponiingia puani nilijiona nina miaka tisa tena, nimesimama uani kwetu Mingoyo, na watu wazima wananitazama wakisubiri niseme neno. Niliondoka dukani bila kununua kitu.

Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima. Nimeona bora niiandike, maana wengi wa rika langu waliokulia njia panda ya Mingoyo wanamkumbuka baba yangu kwa jina ambalo si lake. Baba hakuitwa Dumu. Baba aliitwa Selemani, Fundi Selemani, na hilo jina la pili alilipata kwa jasho.

Alikuwa Mmwera wa Nyangao, aliyeufuata ufundi mpaka pale barabara inapogawanyika, moja ya Lindi, moja ya Mtwara, na moja inayopanda bara kuelekea Masasi. Gereji yake ilikuwa ua wetu. Palikuwa na banda la bati, meza ya mbao iliyonyonya grisi mpaka ikawa nyeusi, na magogo mawili ya kuegeshea gari juu ili aingie chini yake. Sare yangu ya shule ilinuka oili, chapati za mama zilinuka oili, na mimi nilidhani nyumba zote duniani zinanuka hivyo. Kila Jumamosi majirani walikuja na makopo yao kuomba oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini, wakapake nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Baba hakumnyima mtu. Ukipita mtaa wetu siku ya jua kali, nyumba zote zilinuka kama gereji, na nusu ya nyumba hizo zimesimama kwa oili ya baba yangu. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu waliokuja kumhukumu walitoka kwenye nyumba hizohizo.

Mimi mambo ya oili niliyaelewa kwa akili ya jikoni. Mama alipopika mafuta ya nazi, yale maangavu ya juu ndiyo tuliyoyahifadhi chupani, na mashapo meusi ya chini yalitupwa. Kwa hiyo kichwani mwangu sheria ilikuwa moja tu: yanayong'aa ni mazuri, meusi ni mabaya. Sikuwa peke yangu. Mingoyo nzima ilikuwa na sheria hiyo, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mtoto na wao walikuwa na ndevu.

Basi kulikuwa na mtu mmoja, Bwana Hilali. Alikuwa mnunuzi wa ufuta na korosho, mtu wa ukoo wa siku nyingi pale Lindi, ambaye kanzu yake haikujua mkunjo. Alikuwa na gari lisilofanana na gari lolote la kwetu. Alilinunua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza kazi zake Songo Songo na kufunga virago. Lilikuwa gari la mbio, la zamani, rangi ya njano, milango miwili tu, tumbo karibu liguse lami. Taa zake zilijificha ndani ya boneti na kuinuka zikiwashwa, ndiyo maana watoto tulilipa jina la Kaa. Likipita tunakimbia nyuma yake tukipiga kelele, "Kaa! Toa macho!" Bwana Hilali alikuwa akitoa macho ya Kaa mara mbili, mara tatu, akicheka mwenyewe. Sitasema uongo, alikuwa mkarimu, na sisi watoto tulimpenda. Taa zikilala mimi niliamini gari limesinzia, na nilipolikuta uani kwetu nilinyata ili nisiliamshe.

Injini ya Kaa ilikuwa imenizidi umri, na baba aliitunza kuliko baiskeli yake mwenyewe. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho akaisikiliza. Oili aliipima kwa vidole. Alichovya kidole gumba na cha shahada, akavibana, akaviachanisha taratibu, akatazama ule uzi unaovutika katikati yao. Uzi ukikatika upesi alitikisa kichwa. Kaa alimwekea oili nzito, ile mafundi wanayoiita arobaini, hamwekei nyingine. Bwana Hilali alijua hivyo miaka yote na hakuwa na neno.

Neno lilikuja na mpwa wake kutoka Dar es Salaam. Kijana alikuja likizo akiwa na miwani ya jua na galoni la lita tano linalong'aa. Akamwambia mjomba wake kwamba fundi wa kijijini anampaka lami badala ya oili, kwamba huko mjini magari ya maana yanatumia hii, na tazama ilivyo safi, tazama ilivyo nyepesi, gari la mbio linataka oili ya mbio. Ijumaa moja karibu na adhuhuri wakaja wote wawili, na galoni limeshikwa kama zawadi ya harusi.

"Fundi," alisema Bwana Hilali, "hebu nimwagie hiyo lami yako, uniwekee hii."

Baba alifuta mikono kwa tambara, akalipokea galoni, akalisoma maandishi yake yote bila haraka. Kisha akamimina tone moja kwenye vidole, akavuta. Uzi haukutokea kabisa.

"Bwana Hilali, hii ni oili nzuri," alisema. "Lakini ni ya injini changa, ambayo vyuma vyake bado vimebanana. Hii yako imezeeka. Vyuma vimesuguana miaka, vimeachiana nafasi. Ukiiwekea nyepesi, ikishapata moto inakuwa maji, inakimbia. Chuma kitakula chuma."

Yule kijana akacheka. "Mzee, unajua bei yake hiyo?"

"Bei siijui, mwanangu. Injini naijua."

"Selemani," alisema Bwana Hilali, na lile neno fundi akaliacha pembeni. Wanaume watatu waliokuwa wakisubiri kuzibiwa mipira walikuwa wanasikiliza. "Gari ni langu au ni lako?"

Baba akajibu, "Ni lako, Bwana."

"Basi weka."

Baba akasema ataweka. Akaongeza jambo moja tu, nililisikia kwa masikio yangu: "Ile saa ya oili pale mbele, ukiona mshale wake umelala, zima injini palepale. Usifike hata hatua kumi." Bwana Hilali alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye swala na mpwa wake.

Nilibaki na baba. Nilimwona akilaza kipande cha gunia chini, akaingia chini ya Kaa, akamwaga oili yote. Lakini safari hii hakuimwaga kwenye pipa la oili chafu, ambako majirani walichota. Aliikinga kwenye dumu la njano, akalifunga kifuniko, akatazama kulia na kushoto, akalifunika gunia na kulisukuma chini ya meza. Ndipo akamimina ile mpya ndani ya injini, galoni karibu lote, akabakiza kidogo chini ambacho hakikuhitajika, akaliweka galoni juu ya rafu. Nilidhani baba ameiba. Sikujua ameiba nini hasa, lakini mtu hafuniki gunia kitu kisicho na kasoro. Niliipenda sana siri ile, na niliiogopa, na sikumwambia hata mama.

Nilikuja kujua baadaye kwamba oili ile ya kwenye dumu ilikuwa haijamaliza hata majuma mawili ndani ya injini. Baba aliiweka akiba ili siku Bwana Hilali akirudi na akili zake amrudishie. Na alificha kwa sababu ya adabu, wala si kwa sababu ya wizi. Kwetu, ukisema gari la mtu litakufa, halafu likafa, wewe ndiye uliyeliua kwa mdomo wako. Umemletea mwenzio uchuro. Baba angeliacha dumu lile wazi, kila aliyepita angeuliza la nini, na jibu la kweli lilikuwa: nangoja injini ya Bwana Hilali imshinde. Afadhali gunia. Hivyo ndivyo mtu muungwana alivyojitia kitanzi kwa uungwana wake.

Injini ilidumu siku tisa. Kwenye kilima kimoja njia ya Mtama, jua la mchana, Bwana Hilali akimwonyesha mpwa wake mbio za Kaa, ilianza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, kisha ikakaza na kunyamaza. Mafundi wanasema imenoki. Gari lilirudishwa kwa kamba, linavutwa na trekta la ufuta, taa zake zimeinuka na zimekataa kushuka. Watoto tulisimama kando ya barabara na hakuna aliyepiga kelele. Mimi nilidhani Kaa amekufa macho wazi, nikalia.

Siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, watu walikaa uani kwetu. Bwana Hilali aliletewa kiti. Wazee watatu wa mtaa walikaa kwenye jamvi, msemaji wao Mzee Mshamu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Baba alikaa kwenye gogo. Mama alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

Bwana Hilali alieleza kwa sauti ya upole, kwa sababu watu kama yeye hawana haja ya kupaza sauti. Alisema aliacha galoni zima la oili bora kuliko zote. Alisema aliendesha kwa uangalifu mkubwa. "Hata mshale wa oili niliuangalia," alisema. "Ulikuwa umelala chini kabisa, injini imetulia tuli."

Baba aliinua kichwa. "Bwana Hilali, mshale wa oili haulali. Ule wa moto ndio unaotakiwa kukaa chini. Wa oili ukilala maana yake..."

"Selemani," alisema Mzee Mshamu, "usimkatize mkubwa anapoongea."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani maisha yangu yote. Mtu ametoka kukiri mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba aliona injini inakufa na akaendelea kukanyaga mafuta. Na aliyeambiwa anyamaze ni yule pekee aliyeelewa kilichosemwa!

"Mimi simshitaki mtu," Bwana Hilali aliendelea. "Nasema tu nilileta oili safi. Fundi aliweka nini ndani, Mungu ndiye anayejua."

Mzee Mshamu akatazama huku na huku, akaniona mimi nyuma ya nguzo. Akaniita. Nikaenda, nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akanishika mkono kwa huruma. Mkono wake ulikuwa na joto. "Wewe ulikuwepo ile Ijumaa? Mtoto hasemi uongo. Baba yako alifanya nini na oili?"

Nilimtazama baba. Hakunionya kwa jicho wala kukohoa. Nami nilikuwa nimefundishwa madrasa kwamba anayeficha ushahidi moyo wake una dhambi, na siri ile ilikuwa imenichosha.

"Aliitia kwenye dumu," nikasema. "Akalifunika gunia, akalificha chini ya meza."

Watu walidhani nasema ile ya galoni. Yule mpwa alipiga paja lake kwa furaha. Bwana Hilali akafumba macho kama mtu anayesikitika sana.

Baba alisema, "Dumu lipo. Lifungueni mtazame kilichomo."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kutoka kwenye lile jamvi mpaka kwenye meza ya baba zilikuwa hatua kumi na mbili. Nilizipima mwenyewe kesho yake, kwa miguu ya mtoto. Wazee watatu, wenye magoti mazima, wanaokwenda msikitini mara tano kwa siku, hawakuinuka hata mmoja. Wangelifungua dumu wangeona oili nyeusi, nzito, ileile arobaini ya siku zote, na wangejua kwamba oili ya galoni ilikwenda ilikopelekwa. Kisha wangelazimika kumgeukia Bwana Hilali na kumwambia, wewe ndiye uliyekosea. Hilo ndilo lililowashinda. Magoti hayakuwa na ugonjwa wowote.

"Hakuna haja ya kufukua," alisema Mzee Mshamu. "Funika kombe mwanaharamu apite. Sote ni ndugu hapa. Selemani, muombe radhi Bwana Hilali, yaishe. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Niombe radhi ya nini?" baba aliuliza.

"Ya lolote. Radhi haimpunguzii mtu kitu."

Mama alisema neno moja la Kimwera pale mlangoni, neno ambalo siwezi kuliandika. Baba alitutazama, mama na mimi. Alikuwa mgeni wa pale, wa kuja, na mke, na mtoto, na ua wa kupanga. Akainuka, akamwendea Bwana Hilali, akainama, akasema, "Nisamehe." Bwana Hilali alimshika bega, akasema amesamehe, na watu wote wakafurahi, wakasoma Fatiha. Walisifu uungwana wa Bwana Hilali mpaka wakafika barabarani.

Haimpunguzii mtu kitu! Siku ya tatu tu, baba alikuwa ameshaitwa Dumu. "Peleka kwa Dumu akuzibie." "Dumu yupo?" Shuleni nikawa mtoto wa Dumu, na walionitania ndio wale waliokimbia nami nyuma ya gari. Madereva wa malori walikuwa wanasimama juu ya kichwa chake akibadilisha oili, wanakodoa macho mpaka tone la mwisho. Na Jumamosi ya wiki ileile, jamani, wiki ileile, mtoto wa Mzee Mshamu alikuja na kopo kuomba oili chafu ya kupaka nguzo. Mama alitaka kummwagia maji. Baba akalijaza kopo mpaka juu, akamwambia mtoto ashike kwa mikono miwili lisimwagike.

Nilimuuliza baba kwa nini alificha. Hakunigombeza. Alichukua kipande cha bati kilichoshinda juani tangu asubuhi, akakiegemeza ukutani. Akadondosha tone moja la oili iliyobaki kwenye galoni, na tone moja la ile ya dumu, sambamba. La galoni lilishuka mbio mpaka chini, likaacha njia kavu nyuma yake. La dumu lilitambaa, zito, na kila lilipopita liliacha utando mweusi unaong'aa.

"Sasa niambie," alisema, "wewe ungekuwa chuma, na mwenzio anakusugua, ungetaka kufunikwa na ipi?"

Nikaonyesha ile nyeusi. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa kwa kitambo cha kutazama tone likishuka. Wao walikuwa na jioni nzima. Nilielewa na jambo la pili, kwamba ni mdomo wangu uliomhukumu, na hilo nililimeza. Nililimeza nikaona afadhali niwachukie wale wazee, maana kuwachukia kulikuwa rahisi.

Kaa alipelekwa Mtwara. Fundi wa huko, aliyekuwa akija kwetu kununua vipuri vilivyotumika, alimweleza baba aliyoyakuta. Zile beringi laini zinazobeba mhimili wa injini zilikuwa zimeliwa mpaka shaba imetokeza. Alimwambia Bwana Hilali, bila kujua habari zetu, kwamba injini imeuliwa na oili nyepesi, asirudie tena. Kwa hiyo Bwana Hilali alijua. Na mimi nilijua kwamba anajua, kwa sababu Kaa aliporudi na injini iliyofufuliwa, alisimama kwenye duka la njia panda, na niliona kwa macho yangu Bwana Hilali anatoka na makopo mawili ya arobaini amekumbatia kifuani. Alitoa macho ya Kaa mara mbili kunifurahisha. Nilimpa mgongo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha Bwana Hilali akajaliwa safari ya Hija, na kama ilivyo desturi, kabla ya kuondoka akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, ili asiende mbele ya Al-Kaaba na mzigo wa mtu. Alikuja kwetu asubuhi na wenzake wawili, ananukia udi. Walikaa jamvini. Mama alinipa sinia la kahawa nipeleke, na nilifika nalo katikati ya maneno yake.

"Fundi Selemani, inshallah safari imewadia. Nimekuja kukuomba radhi. Lolote nililokukosea, dogo au kubwa, la siri au la dhahiri, kwa ulimi au kwa mkono, nisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Maneno mazuri. Kila mtu huyasema, na jibu lake linajulikana. Baba alifungua mdomo kulitoa jibu. Mimi nikawahi.

"Lolote lipi, Mzee?"

Nililikaza sinia mikononi. Mmoja wa wale wenzake akasema, "We mtoto, adabu!" Nilisubiri mama aniite ndani. Hakuniita.

Baba aliniangalia, kisha akamgeukia mgeni wake. "Bwana Hilali, kwa upande wangu nimekusamehe, dunia na akhera. Nenda salama, utuombee. Lakini huyu huu ni mwaka wa pili anaitwa mtoto wa Dumu. Radhi yake siwezi kuitoa mimi. Na yeye kauliza swali."

Bwana Hilali akanitazama. Naapa maneno yalikuwa mdomoni mwake, niliona midomo ikiyaandaa. Hayakuwa mengi. "Oili niliichagua mimi." Basi, hayo tu. Angeyasema ningemmiminia kahawa na kumbusu mkono. Lakini wale wenzake walikuwa wanatazama, akacheka, akaweka kikombe chini. "Watoto wa siku hizi, mashallah, wana ulimi," alisema, na wakaondoka kwenda nyumba inayofuata.

Nilisimama pale na sinia langu, nimejaa ushindi. Baba alikuwa bado amekaa jamvini.

"Umeuliza vizuri," alisema. "Na wewe, lolote lako ni lipi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Niliweka sinia chini, nikapiga magoti, nikasema kwamba siku ile mbele ya wazee nilisema ameficha oili, na kabla ya hapo moyoni nilikuwa nimeshamwita mwizi, na kwamba nilijua ukweli tangu siku ya lile bati na sikwenda kumwambia mtu hata mmoja.

"Hilo nilikusamehe siku ileile," alisema baba, "kabla wazee hawajavaa viatu vyao. Nilikuwa nangoja tu ulitaje."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na kulitaja langu kulinichukua pumzi tatu tu. Alhaji Hilali aliishi miaka mingi baada ya kurudi, na kila Ijumaa alipita mbele ya ua wetu bila kulitaja lake.

Baba alitangulia. Siku ya msiba wanawake tulikaa ndani kwenye mikeka, na nje kijana mmoja akasimama na kipaza sauti kusoma tangazo kabla ya kumbeba. Akasoma kwamba amefariki dunia Fundi Selemani, maarufu kwa jina la Dumu. Nilijifunga mtandio wangu, nikatoka, nikapita katikati ya wanaume wote waliokaa, na walinishangaa kwelikweli, mpaka nikamfikia yule kijana. Nikamwambia, "Soma tena. Hilo la mwisho liache." Kijana alimtazama kwanza Alhaji Hilali, aliyekaa mbele kwenye kiti, kana kwamba ruhusa ya jina la baba yangu inatoka kwake. Alhaji akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Mimi sikuondoka. Nilisimama pale na jeneza liko tayari na jua linapanda, mpaka kijana akakinyanyua tena kile kipaza sauti, akasoma: Fundi Selemani.